Kidonge cha Alfajiri

Mwezi wa tatu ukifika, watu wa Kamukuywa hawalali sana. Mvua iko karibu, na shamba lazima lilimwe kabla haijanyesha. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 2006, nyumbani kwa Levi Mukhwana na mkewe Edinah.

Walikuwa na maksai wawili, Sajini na Koplo. Saa kumi na mbili asubuhi maksai hao walikuwa wameshafungwa nira. Edinah alitangulia, akiwaongoza kwa kamba. Levi alishika plau nyuma. Walilima hadi saa nne, jua lilipoanza kuchoma. Hapo Levi alifungua nira, na Edinah akaenda jikoni kupika uji. Kabla ya nira kufunguliwa, hakuna aliyekula kitu. Baba yake Levi alilima hivyo hivyo. "Mnyama anavuta na njaa, halafu wewe utembee nyuma yake umeshiba?" mzee huyo alizoea kusema. Levi hakusahau.

Levi alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Ufunguo wa kanisa ulikuwa kwake, na hakuwahi kuchelewa kufungua hata Jumapili moja. Edinah alimtania: "Wewe ungekuwa saa, ungeuzwa bei ghali."

Mwaka huo, mwezi wa pili, Levi alianza kukonda. Alikunywa maji mengi na kukojoa mara nyingi. Binti yao Fridah, fundi wa kushona nguo huko Matisi, mjini Kitale, aliona baba yake amebadilika. Akampeleka kliniki moja ya mjini. Levi akapimwa, ikaonekana ana ugonjwa wa sukari. Muuguzi aliyeitwa Gachanja alimpa vidonge vidogo kwenye bahasha.

"Mzee, meza kimoja kila siku asubuhi," Gachanja alisema. "Punguza sukari. Rudi baada ya wiki sita. Umeelewa?"

"Ndiyo, daktari."

Levi alikuwa na maswali mawili. Lakini nje, kwenye benchi, watu zaidi ya ishirini walikuwa wakingoja. Tena, kumuuliza daktari mara ya pili aliona ni kukosa adabu. Ni kama kumwambia hajui kueleza. Kwa hiyo aliondoka na maswali yake. Gachanja naye alisikia "ndiyo", akaridhika, akamwita mgonjwa mwingine.

Nyumbani, Levi hakupunguza sukari. Aliifukuza kabisa. Kopo zima la sukari alipewa jirani. Hata Edinah, ambaye hakuwa mgonjwa, alianza kunywa chai isiyo na ladha.

Na kidonge alikimeza asubuhi, kama alivyoambiwa. Saa kumi na moja, kabla hakujapambazuka, aliketi kitandani, akameza kidonge kwa maji, akavaa gambuti, akaenda kwa Sajini na Koplo.

Kulima kulipoanza, Edinah aliona jambo geni. Ikifika saa tatu, mikono ya Levi ilitetemeka kwenye plau. Shati lake lililowa jasho. Tena akawa mkali bure. Alimgombeza Sajini, alimgombeza Koplo, alimgombeza hata mkewe. Akishakunywa uji wa saa nne, alikuwa mpole tena.

"Baba Fridah, unaskia vibaya?" Edinah alimuuliza.

"Si ni jua tu."

"Jua gani na ni saa tatu?"

"Wewe vuta hiyo ng'ombe, mama. Mvua haitatungojea."

Edinah alivuta kamba, lakini moyo wake haukutulia. Wekoye, kaka mkubwa wa Levi, alikuwa na ugonjwa huo huo wa sukari. Aliacha dawa baada ya miezi michache. Kidonda kidogo cha mguuni kikakataa kupona, na mwishowe mguu ukakatwa. Sasa Wekoye alishinda barazani, akipukuchua mahindi ya watu wengine. Edinah hakutaka mume wake akae baraza hiyo. Kila jioni alifungua bahasha na kuhesabu vidonge, ahakikishe Levi hajaruka hata kimoja.

Alhamisi moja, plau ilianza kwenda kombo. Edinah aligeuka. Levi alikuwa ameiachilia. Alisema maneno yasiyoeleweka, kisha akaketi chini, pale pale kwenye mtaro.

"Uwi! Sukari imepanda!" Edinah alipiga kelele.

Alikimbia nyumbani, akarudi na bahasha ya dawa na kikombe cha maji. "Meza, Baba Fridah. Meza upone." Levi akameza kidonge cha pili.

Hakupona. Baada ya muda mfupi hakuitika tena alipoitwa. Edinah alikimbia barabarani akilia. Kiplangat, anayekusanya maziwa kwa pikapu, alishusha mitungi yake kando ya barabara. Wakampakia Levi na kumkimbiza kituo cha afya.

Aliyewapokea ni muuguzi Chepkemei, mwenyeji wa Endebess. Watu walimwita Sista. Alimdunga Levi kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine ndogo, akatazama.

"Haijapanda," alisema haraka. "Imeshuka! Imeshuka sana!"

Akamwekea dripu yenye sukari. Edinah alisimama pembeni ameshika kichwa. Sukari? Ile ile waliyoifukuza nyumbani? Lakini haikupita robo saa, Levi akafungua macho.

"Sajini na Koplo wako wapi?" akauliza.

Edinah alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akakumbuka kidonge cha pili. Akamwambia Sista yote. "Ni mimi nilimwongezea dawa. Karibu nimuue."

Sista alimshika mkono. "Mama, ulitaka kumsaidia. Hakuna mtu alikufundisha. Vizuri umeniambia, kwa sababu hiyo dawa bado iko mwilini na sukari inaweza kushuka tena. Mzee haendi nyumbani leo. Atalala hapa tukimpima."

Asubuhi iliyofuata Fridah alifika kutoka Matisi. Alimkuta baba yake ameketi kitandani, amekunja uso.

"Hiyo dawa sitaki tena," Levi alisema. "Kabla ya dawa nilikuwa nakonda, lakini nilikuwa nasimama. Sasa naanguka mbele ya ng'ombe! Tupeni hiyo bahasha."

"Na Wekoye?" Edinah aliuliza. "Umesahau mguu wa Wekoye?"

Levi alitazama miguu yake mwenyewe chini ya blanketi.

Sista Chepkemei alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Mzee, sitaki kujua daktari alisema nini. Niambie siku ya jana. Toka ulipoamka."

Levi akaeleza. Aliamka saa kumi na moja. Akameza kidonge. Akafunga nira. Akalima.

"Ulikula saa ngapi?"

"Sikuwa nimekula, Sista. Nira ilikuwa haijafunguliwa."

"Kwa hivyo unameza dawa saa kumi na moja, na uji unakuja saa nne?"

"Si aliniambia asubuhi? Nikaona saa kumi na moja ndiyo asubuhi kabisa."

Sista alitikisa kichwa polepole. "Mzee, wewe umefuata maneno. Sisi wauguzi ndio tulieleza nusu. Mimi nikisema asubuhi, nafikiria chai na chakula. Wewe ukisikia asubuhi, unafikiria ng'ombe. Hakuna mtu alikuuliza asubuhi yako iko namna gani."

Kisha akaeleza. Kidonge hicho kinashusha sukari kwenye damu. Kazi nzito kama kulima inashusha pia. Njaa nayo inashusha. Yote matatu yakikutana, sukari inashuka kupita kiasi. Hapo mtu anatetemeka, anatoka jasho, anasikia njaa, anakuwa mkali, kichwa kinachanganyikiwa. Mwisho anazimia. Anaweza hata kufa.

"Kumbe ule ukali haukuwa wa kwake!" Edinah alisema.

"Kidogo ni wa kwake," Fridah alisema, na wote wakacheka, isipokuwa Levi.

"Ukiona dalili hizo," Sista aliendelea, "acha kazi mara moja. Chukua vijiko vitatu vya sukari, koroga kwenye maji, kunywa. Au soda, lakini iwe ile tamu. Ngoja robo saa. Kama bado unatetemeka, kunywa tena. Halafu kula chakula. Na usiongeze kidonge hata kidogo."

"Lakini Sista," Levi alisema, "si sukari ni adui yangu?"

"Ya kwenye chai ya kila siku, endelea kuiacha. Lakini hiyo ya wakati wa kutetemeka ni ya kukuokoa. Na wewe mama, kama hajiwezi kumeza au hasikii ukimwita, usimwekee kitu mdomoni. Itamnyonga. Mlaze ubavu na umlete hapa mbio."

Sista hakuuliza kama wameelewa. Alikunja mikono, akasema, "Sasa nataka kujua kama mimi nimeeleza vizuri. Mzee, umerudi nyumbani. Ni saa kumi na moja, umeamka. Utafanya nini?"

Levi alikaa wima. "Nitameza kidonge. Nitafunga nira. Nikifungua nira, nitakula vizuri sana."

Fridah akafumba macho. Edinah akafungua mdomo, lakini Sista akamnyamazisha kwa mkono.

"Basi sijaeleza vizuri," Sista alisema bila hasira. "Wacha nirudie. Kidonge na uji ni kama Sajini na Koplo. Unaweza kumfunga nira mmoja peke yake?"

"Hapana. Plau itaenda kombo."

"Hata hapa itaenda kombo. Kidonge hakitembei bila chakula. Kama siku hiyo hakuna chakula, au umefunga kwa ajili ya maombi, au unatapika, usimeze. Njoo kwanza tuongee. Na ukimeza, ukala, usikae na njaa mpaka mchana."

Levi alikunja uso tena. "Lakini nitakula aje, na ng'ombe hawajala? Baba yangu hakufanya hivyo." Halafu uso ukamfunguka. "Mama Fridah, hao ng'ombe si tunaweza kuwakatia majani jioni? Asubuhi wakiamka wanakula. Wakila, na mimi nakula."

"Na uji nitapika usiku, niweke kwa thamosi," Edinah alisema.

"Haya, mzee. Sema tena," Sista alisema. "Saa kumi na moja umeamka."

"Nitawapa ng'ombe majani. Nitaketi mezani na uji na viazi. Nitameza kidonge, nile hapo hapo. Ndiyo nifunge nira. Nikitetemeka, nasimama, nakunywa maji ya sukari. Siongezi kidonge."

"Na kama huwezi kumeza?"

"Huyu mama haniwekei kitu mdomoni. Ananileta hapa."

Hapo Sista akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alizungumza na daktari wa kituo, na daktari akapunguza dawa iwe nusu kidonge mpaka Levi arudi kliniki ya Kitale. Sista aliandika hayo kwenye karatasi. Kando yake alichora kibakuli cha uji na nusu kidonge. "Siku ya kliniki, beba karatasi hii na dawa zote zilizo nyumbani," alisema. "Usiache hata moja."

Jumatatu plau ilirudi shambani. Sajini na Koplo walikuwa wameshiba majani. Levi alikuwa ameshiba uji. Edinah alitangulia na kamba, na kwenye pindo la leso yake alikuwa amefunga fundo la sukari.

Siku moja mnyororo wa plau ulikatika, wakachelewa sana kuutengeneza. Levi aliona vidole vyake vikitetemeka. Zamani angesema ni jua. Safari hii aliketi chini mwenyewe.

"Mama Fridah," aliita, "lete fundo."

Edinah alifungua leso, akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akampa. Baada ya robo saa mikono ikatulia. Wakala viazi walivyobeba, pale pale mtaroni, nira ikiwa bado shingoni mwa maksai. Levi aliwaomba Sajini na Koplo msamaha kwa sauti, na Edinah akacheka mpaka akashika mbavu. Walimaliza shamba siku mbili kabla ya mvua.

Wiki sita zilipoisha, Levi na Edinah walikwenda Kitale, wakiwa na dawa zote kwenye kikapu. Benchi la kliniki lilijaa kama mara ya kwanza. Gachanja alimpima Levi na kusoma karatasi ya Sista. Sukari yake ilikuwa nzuri.

"Vizuri sana, mzee. Endelea na hiyo nusu. Meza na chakula. Ukienda safari, beba kitu cha kula. Umeelewa?"

"Ndi..." Levi alianza, kisha akajizuia. Alivua kofia, akaishika mikononi.

"Daktari, unisamehe. Usiniulize hivyo. Mimi ukiniuliza kama nimeelewa, nitasema ndiyo. Hata ile siku nilisema ndiyo. Halafu nikaanguka shambani, karibu nife."

Gachanja aliweka kalamu chini. "Pole sana, mzee. Sikujua. Basi nikuulize vipi?"

"Niulize kesho nitafanya nini."

Gachanja alitazama mlangoni, palipokuwa na watu wengi. Kisha akakigeuza kiti chake, akamkabili Levi. "Haya, mzee. Kesho ukiamka, utafanya nini?"

Levi akaeleza, kutoka majani ya ng'ombe hadi fundo la leso. Gachanja alimsikiliza hadi mwisho, akamshika mkono, akamwita mgonjwa aliyefuata. Alikuwa mama mmoja mzee mwenye bahasha tatu za dawa.

Edinah alikuwa akikitengeneza kikapu chake nje ya mlango. Levi alimgusa bega ili asikilize. Ndani, Gachanja alikuwa akiongea polepole.

"Mama, sasa niambie wewe. Kesho ukiamka, utafanya nini?"