Mgonjwa wa Pili

Kitu cha kwanza kilichokwenda kombo kilikuwa joto. Fundi aliinama kuokota mkasi chini ya meza yake ya kazi, akaegemeza kiganja kwenye kigodoro cha mbwa, akakuta pana joto, kama pahali mtu alipotoka kuinuka sasa hivi. Mbwa mwenyewe hakuwapo. Tangu asubuhi alikuwa uani, amelazwa juani juu ya gunia, na kwa kuwa miguu yake ya nyuma ilipooza siku aliyoporomoka kwenye ngazi, hakuwa na njia ya kujileta ndani.

"Jua tu hili," Fundi akajiambia, ingawa jua halijawahi kufika kwenye kona ile tangu nyumba ijengwe.

Fundi alikuwa mshonaji wa makochi. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake, na humo alishinda akivuta vitambaa na kupiga misumari huku mkewe akishona sare kiwandani. Walikuwa wawili tu nyumbani. Kwa miaka mingi mkewe akirudi jioni alikuwa anamkalia ubavuni, anavua viatu, anamsimulia vituko vya msimamizi wao mwenye sauti ya jogoo, na wote wawili wanacheka mpaka chakula kinaungua. Fundi aliishi kwa ajili ya saa ile. Kisha Karanga akapooza, na saa ile ikapata mwenyewe mwingine.

Karanga alikuwa kibwa cha rangi ya udongo, masikio makubwa kuliko kichwa, uzito wake haumfikii paka aliyeshiba. Daktari wa mifugo alimpapasa uti wa mgongo akasema mishipa haikukatika, imebanwa tu. Akikandwa asubuhi na jioni, akageuzwa ubavu asipate vidonda, akaminywa kibofu, akainuliwa kwa taulo chini ya tumbo ili ajifunze upya kukanyaga, huenda akatembea. Mke wa Fundi aliyapokea maneno hayo kama amana. Akiingia mlangoni, kabla ya "umeshindaje," alikuwa anauliza, "Karanga wangu yuko wapi?" Anapasha mafuta, anapiga magoti, anavikanda vile vijiguu vilivyolegea kidole kwa kidole, akisema kwa sauti ambayo Fundi alidhani ni mali yake peke yake: "Simama, kipenzi. Simama uje kwangu."

Tuseme ukweli tusifichane: mtu mzima alikuwa anamwonea mbwa wivu. Mwanamume mwenye mvi kidevuni, fundi anayeheshimika mtaa mzima, anakaa na misumari mdomoni akipeleleza kama mkewe anamtazama zaidi mbwa au yeye. Alijua kwamba ni aibu. Kujua hakukumsaidia kitu.

Ndipo ikaja jioni ile, kabla ya hilo joto, ambapo mkewe alichelewa kurudi akapitiliza jikoni.

"Mume wangu," aliita nyuma ya pazia, "nisaidie leo. Mkande Karanga wakati napika. Na umsemeshe, bwana, akisikia sauti anajitahidi."

Moyo wa Fundi ukachemka. Yaani hata kumbembeleza mbwa sasa ni kazi yangu? Akamsukuma Karanga kwa mguu, polepole asije akalia, mpaka chini ya meza. Kisha akakaa mbele ya kigodoro kitupu, akamwaga mafuta kidogo ili harufu ifike jikoni, akakisugua kitambaa kwa viganja viwili na kupaza sauti: "Simama, kipenzi. Simama uje kwangu."

"Ehee, hivyo hivyo!" mkewe akaitikia kwa furaha. "Kumbe unaweza!"

Sifa ilimnogea. Kesho yake alijitolea mwenyewe, na jioni zilizofuata pia, akimkanda asiyekuwapo na kujichekea kimoyomoyo. Karanga alilala chini ya meza akimtazama. Mbwa hana mdomo wa kushitaki.

Tangu siku ya mkasi, kicheko kilikauka. Alianza kusikia kucha zikigonga sakafu nyuma ya kiti chake, mchana kweupe, tik, tik, zikijikokota kama za mgonjwa, na akigeuka anakuta vipande vya sponji na vumbi. Kukawa na harufu ya nywele zilizoungua ambayo haikutoka hata madirisha yakiachwa wazi. Siku nyingine, akiwa amekaa anapigilia kiti, kitu kizito na cha moto kililala juu ya mguu wake, kikapumua.

Na jioni, alipokuwa akisugua kile kitambaa, vidole vyake vikagusa mfupa.

Ulikuwa mguu. Hakuuona, ila aliushika: mwembamba, hauna manyoya, unatetemeka. Wewe na mimi tungetoka mbio tukaacha viatu. Fundi hakukimbia, na hapa ndipo penye aibu yake kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ule mguu ulijisogeza wenyewe ndani ya kiganja chake kama unaosema usiache, na ilikuwa zamani sana tangu pawe na mtu yeyote ndani ya nyumba ile aliyekuwa akimsubiri yeye. Akaendelea kukanda. Akanong'ona, safari hii si kwa ajili ya jikoni, "Simama, kipenzi."

Kile kitu kilipata nguvu upesi. Mwendo wa kujikokota ukawa wa kuchechemea, kisha ukawa mwendo. Karanga kwa upande wake alirudi nyuma. Hata ule mkia uliokuwa umeanza kutikisika ukanyamaza.

"Sielewi," mkewe alisema jioni moja, macho yamemwiva kwa machozi. "Tunamkanda kila siku. Kwa nini anazidi kulegea?" Akachoka kusimama. Akamkalia Fundi ubavuni kama zamani, akalaza kichwa begani pake. "Asante lakini. Bila wewe ningeshakata tamaa."

Fundi alifunga macho kwa raha. Kucha zilizokuwa zikizunguka chini ya meza zikasimama ghafla. Ile harufu ya kuungua ikapanda mpaka mkewe akakohoa.

Asubuhi mkewe aliteremsha miguu kitandani, akaanguka.

Hospitali walimpiga picha za mgongo, wakamgonga magoti kwa kinyundo, wakamchoma nyayo kwa sindano bila yeye kushtuka. Hawakuona ugonjwa. Alirudishwa nyumbani, miguu yake imelala kama ya mtu mwingine, na Fundi akalia mpaka kwikwi ikamshika. Alimpenda yule mwanamke kupita vyote alivyokuwa navyo. Naye, amelazwa chumbani, alikuwa akiuliza jambo moja tu: "Karanga ameshageuzwa ubavu?"

Wenzake wa kiwandani ndio waliomleta mganga. Alikuwa mama mnene mwenye mafua, leso mkononi, anayetaka kumaliza kazi akapumzike. Hakutandika chochote wala kufukiza chochote. Alisimama katikati ya karakana, akanusa kwa shida, akamvuta Fundi mpaka kibarazani.

"Ndani humu ni nani anayekupenda wewe?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mke wangu."

"Na mwingine?"

Fundi akautupia jicho mlango wa karakana.

"Mficha uchi hazai, baba. Sema upesi, kinatusikia."

Akasema. Alinong'ona yote, kigodoro kitupu, mafuta, yale maneno. Mganga aliacha kupangusa pua.

"Kuna viumbe vinatambaa havina mwenyewe," alisema. "Vinapita milangoni mwa watu vikitafuta neno moja tu la upendo, na hakuna anayevipa. Wewe umempa mmoja wao. Umemwita kipenzi, umempaka mafuta, umemwambia asimame aje kwako. Amesimama. Sasa anamwonea mkeo wivu, kama wewe ulivyomwonea mbwa. Huo hakuzaliwa nao, kajifunza kwako."

"Mtoe, mama yangu. Nakupigia magoti."

"Simtoi mimi, mimi sikumwita. Aliyelea ndiye anayeachisha." Akamsogelea mpaka pumzi yake ya mafua ikamfika usoni. "Leo jua likizama, ukae mbele ya kile kigodoro. Usikiguse. Atakuita kwa sauti unayoipenda kuliko zote, nawe usijibu, mpaka usikie miguu ikitoka nje ya mlango. Lakini kubwa ni hili. Kwanza kamkumbatie yule mbwa, ukubali kwamba na yeye ana fungu lake kwa mkeo. Ukubali kwa moyo, si kwa mdomo. Ukikaa pale na wivu, hata chembe, atakayetoka hatakuwa yeye. Atatoka yule unayetaka abaki, na huyu kiumbe atalala mahali pake."

Fundi alimkumbatia Karanga. Aliyasema yale maneno upesi upesi, kama mtoto anayekariri somo asilolielewa, akamrudisha chini ya meza. Mlango wa nje akauacha wazi.

Jua likazama. Akakaa.

Mwanzoni palikuwa kimya, kimya cha karakana, sponji inapojinyoosha na misumari inapopoa. Kisha kucha zikaanza, zikamzunguka, zikasimama mbele yake, na kigodoro kikabonyea katikati kwa uzito wa asiyeonekana. Ikaja ile harufu. Mikono ya Fundi ilikuwa juu ya mapaja yake na ilikuwa inatamani kwenda, akaibana katikati ya magoti. Uzito ukangoja. Ukangoja sana. Halafu kigodoro kikainuka, zile kucha zikaondoka polepole kuelekea chumbani, na pazia likatikisika.

"Mume wangu?" Ilikuwa sauti ya mkewe. "Kuna mtu amekaa kitandani."

Fundi akang'ata ulimi. Ni yeye anaita, akajiambia, ni yule, mganga alisema ataita.

"Mume wangu, amenishika miguu. Ana mafuta mikononi. Ana vidole kama vyako." Sauti ilikuwa inatetemeka, na ilikuwa na ule mkwaruzo mdogo wa vumbi la kiwandani ambao hakuna aliyeujua duniani isipokuwa yeye, na Fundi alitokwa na jasho mpaka shati likamganda mgongoni, akawa anasema moyoni nivumilie, nivumilie kidogo tu, atatoka, nitakukanda mimi mwenyewe kila siku ya maisha yangu, na machozi yakawa yanamchuruzika bila yeye kuyapangusa kwa kuogopa kutoa mikono magotini. "Ananisukuma. Naanza kuisikia miguu yangu lakini ananisukuma nitoke, njoo unishike mkono, jamani, mbona hujibu?"

Hakujibu.

"Basi kama huji," sauti ikalia, "mchukue Karanga! Mtoe nje asije akamdhuru! Nakuomba, Karanga wangu, mwokoe Karanga!"

Na hapo, katikati ya hofu yote ile, moyo wa Fundi ukachemka. Hata sasa! Hata sasa ni mbwa! Yeye amekaa hapa anakufa kwa ajili yake, na bado ni Karanga! Alikaza meno akanyamaza, na safari hii hakunyamaza kwa sababu ya mganga, alinyamaza ili amkomoe, na akajua tofauti hiyo palepale, kama mtu anavyojua mguu umeteleza kabla hajafika chini.

Pazia likafunguka. Miguu ikapita nyuma yake, mizito, ya kujikongoja, ikaburura nguo sakafuni, ikamaliza chumba, ikavuka mlango, ikatoka. Ndipo alipotambua alichokisikia. Ilikuwa miguu miwili, mitupu. Haikuwa na kucha.

Akaruka kitini. Kabla hajafika mlangoni, kitu kikampita chini. Karanga alikuwa amesimama. Miguu yote minne ilikuwa inatetemeka, kiuno kinayumba kama meza mbovu, lakini alikuwa anatembea, anaanguka, anainuka, anavuka kizingiti bila kumtazama mtu.

Barabarani taa zilikuwa zimewaka. Mkewe alikuwa anakwenda katikati ya njia, gauni la kulalia, peku, kama aliyeamshwa usingizini. Alimsikia mbwa, akageuka, akachuchumaa. Fundi aliona uso wake ukifunguka kwa furaha. Akambeba kifuani.

"Mke wangu!" Fundi aliita. "Rudi! Nimekosa, rudi nyumbani!"

Mwanamke aliinua macho. Alimtazama kwa heshima, kama unavyomtazama mtu aliyekufananisha na mwingine, akatikisa kichwa kidogo, akaenda zake. Fundi alitaka kumkimbilia. Miguu yake haikukubali. Kuanzia kiunoni kushuka chini alikuwa baridi, akashika mwimo wa mlango asianguke.

"Mwache aende na mbwa wake," sauti ya mkewe ilisema nyuma yake, kutoka kitandani, laini, bila haraka. "Njoo mume wangu. Mimi sina mwingine, nina wewe tu. Leo nitakukanda mimi."