Sumaku ya Spika

Bi Jokha wa Kikwajuni, Unguja, alikuwa akishona kofia za kiua, zile zenye mapambo ya vitobo vidogo vidogo. Mwaka 2003 aliteleza uani, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini maumivu hayakuondoka. Mkono uliwaka moto hata ukiguswa na kanga. Sindano hakuweza kuishika, na kushona ndiyo kazi pekee aliyoijua.

Hospitali walimpa vidonge na mazoezi. Nafuu ilianza kidogo kidogo. Ndipo mdogo wake, Zahran, akapiga simu kutoka Maskati. Alisikia kuwa Ulaya maumivu sugu yanatibiwa kwa sumaku inayowekwa kichwani.

Mumewe, Azzan, ni fundi redio, hodari lakini ana pupa. Hakuuliza mtu. Alivunja spika kuukuu, akatoa sumaku, akamfunga nayo mkewe kichwani kwa kilemba. Bi Jokha, maskini, aliamini. Akaacha vidonge, akaacha na mazoezi. Wiki tatu alibeba chuma kile. Vidole vikavimba, vikakaza.

Bi Zeyana, mfanyakazi wa mazoezi ya viungo pale hospitali, alipoona Bi Jokha haji, alimfuata nyumbani. Alielezwa habari ya kilemba. Hakucheka. Alimgeukia Azzan.

"Fundi, sumaku ikitulia karibu na koili ya waya, umeme unapita?"

"Haupiti. Mpaka itikisike."

"Na ubongo ni hivyo hivyo. Mashine ile ya Ulaya inatoa nguvu ya sumaku kwa mapigo ya haraka sana. Mapigo ndiyo yanayozindua neva za ubongo. Hii yako imelala tu. Na mashine yenyewe bado inachunguzwa. Hapa hatuna."

Azzan aliona haya.

"Kumbe maumivu yamo kichwani tu?" Bi Jokha aliuliza. "Basi mimi nnajitia mgonjwa tu?"

"Hujitii, Bi Jokha. Unaumwa kweli. Mfupa umepona, lakini neva na ubongo vimezoea kupeleka habari ya maumivu. Lazima vizoeshwe upya. Utumie mkono kidogo kidogo, kila siku. Na vidonge usiviache bila kumuuliza daktari."

Azzan mwenyewe alikifungua kile kilemba. Kila asubuhi alikaa na mkewe, akimsugua mkono kwa kitambaa laini, kisha wakikunja na kukunjua vidole. Siku za mwanzo Bi Jokha alilia. Azzan alimwonea huruma, akataka waache. Bi Jokha mwenyewe akakataa.

Mwezi wa tano wa mazoezi hayo, Bi Jokha alishika tena sindano. Azzan alimuuliza kama maumivu yamekwisha.

"Yapo, ila yamepungua," alijibu bila kuinua macho. "Usinisemeshe, nnahesabu vitobo."