Maryanne na Kocha wa Kakuma

Siku Maryanne alipokutana na Gervais, kiwanja cha mpira wa kikapu mjini Lodwar kilikuwa kimefurika hadi watu wakapanda ukutani. Jua lilikuwa kali, vumbi limewapaka wote rangi moja, na akina mama wauza maji baridi walijipenyeza katikati ya magoti ya watu wakisema "ejok, ejok," kusalimia na kuomba njia kwa pamoja. Maryanne hakuwa na haja na mchezo wowote. Dada yake mkubwa, Sylvia, karani katika ofisi ya maji, ndiye aliyemtoa nyumbani kwa nguvu.

"Toka nje angalau jua likuone," alimwambia. "Umekaa kwa hiyo laptop mpaka unafanana nayo."

Maryanne alikuwa mhandisi wa programu za kompyuta. Kwa miaka mingi aliiandikia kampuni ya bima ya Nairobi programu zake, na tangu ahamie kwa Sylvia aliifanya kazi ileile kwa mtandao, pazia limefungwa, macho yakimwasha. Kila programu aliyoimaliza ilifuatwa na nyingine inayofanana nayo, na hakuwahi kumwona mtu hata mmoja akiifurahia. Siku hiyo alikuwa amevaa dera la manjano la Sylvia, refu kumpita, na alirekodi mchezo kwa simu ili tu mikono yake iwe na kazi.

Wasichana wa Lodwar walikuwa wakicheza na wa Kakuma. Mwishoni kabisa, msichana mmoja mrefu wa Kakuma alirusha mpira, filimbi ikalia, mpira ukaingia. Uwanja ulilipuka. Hawa wakasema kikapu ni halali, wale wakasema muda ulikuwa umekwisha. Waamuzi wakabaki kutazamana.

Mwanamume mwembamba aliyevaa tracksuit ya buluu iliyopauka alimwinamia Maryanne. "Dada, samahani. Nimeona uko unapiga video. Naweza kuona?"

Maryanne aliirudisha video nyuma, akaisogeza mbele polepole. "Sikiliza filimbi. Sasa angalia mkono wa msichana. Mpira bado haujatoka."

Yule mtu alitazama, akatazama tena. Nyuma yake wasichana wa Kakuma walikuwa wakiruka na kukumbatiana. Angeweza kushukuru na kwenda zake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa ameiona. Badala yake alimwendea mwamuzi, akamwambia maneno machache. Wasichana wake wakaacha kuruka. Wawili wakaketi chini na kulia.

Aliporudi, Maryanne alikuwa bado amemkodolea macho. "Kwani wewe ni wa timu gani?"

"Ya wale wanaolia. Mimi njo kocha wao, Gervais." Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo. Akachuchumaa kando yake. "Sasa nirudishie kule nyuma kabisa. Nataka kuona nani aliacha mtu wake."

Walitazama hadi simu ikaisha chaji. Maryanne alipoinua uso, watu walikuwa wameondoka, na Sylvia alikuwa amesimama langoni mikono kiunoni.

Gervais alikuwa Mkongo wa Uvira aliyeingia kambi ya Kakuma akiwa kijana, na hapo ndipo utu uzima ulipomkuta. Kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali, kwa hiyo mapenzi yao yalianzia kwenye simu.

"Bibi wa kompyuta, umekula?"

"Kocha, kila siku chakula, chakula. Utaniuliza lini kama nimekukumbuka?"

"Kula kwanza. Mwenye njaa anaweza kunijibu vibaya."

"Nimekula. Na nimekukumbuka. Umeridhika?"

"Rudia, mtandao ulikatika."

"Muongo wewe!"

Jumamosi Maryanne alikwenda Kakuma. Alisimamisha kamera juu ya nguzo, akaandika programu ya kufuata kila mchezaji na kuonyesha alikokimbilia na pale alipoanza kuchoka. Wasichana walisongamana mbele ya laptop wakicheka miguu yao. Aliyeuliza maswali mengi alikuwa Adhel, yule mrefu aliyerusha mpira wa mwisho Lodwar, mzaliwa wa Sudan Kusini, mkimya hadi apewe mpira. Kwa mara ya kwanza Maryanne aliona mtu akibadilika kwa sababu ya kitu alichokiandika yeye. Adhel alitazama jinsi alivyokuwa akisimama, na wiki iliyofuata akasimama vingine.

"Naacha kazi," Maryanne alimwambia Gervais wakinywa chai kwenye kibanda cha Mhabeshi mmoja. "Nataka kufanya hii. Teknolojia ya michezo. Kuna kampuni Nairobi inatafuta watu."

Gervais alikizungusha kikombe. "Nairobi ni mbali, chérie, mpenzi wangu."

"Ni kazi ya mtandao. Nitakaa Lodwar." Akamgusa mkono. "Uchovu wa kule bima unaniua, Gervais. Huu wa hapa ninaulalia vizuri."

Akaacha kazi. Ile kampuni ya kuchambua michezo ikamwomba sampuli ya kazi yake, naye akawatumia kipande kizuri kuliko vyote: Adhel akiwapita watu watatu, mistari ya rangi ikimfuata uwanjani. Walikipenda. Walikipenda kiasi kwamba, bila kumwambia, wakakitia kwenye matangazo yao, uso wa Adhel wazi, jina la Kakuma chini yake.

Gervais alipiga simu asubuhi, Maryanne akianika nguo uani.

"Weye ulituma video ya Adhel kwa watu?"

"Ile ya kazi? Ndiyo. Nini imetokea?"

"Iko kila mahali. Wajomba zake wameiona. Unajua kwa nini yule mtoto alikimbilia hapa? Walishamwahidi kwa mzee mmoja amuoe. Walikuwa hawajui yuko wapi. Sasa wanajua."

Maryanne alikaa juu ya ndoo. "Gervais, aki ya Mungu sikujua."

"Hukuuliza. Hukumuuliza yeye, hukuniuliza mimi. Ulitaka kazi."

"Usiniambie hivyo."

"Basi nikuambieje?" Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kisha simu ikakatika.

Alimpigia tena mara nyingi. Mteja hapatikani. Kesho yake vilevile, na wiki nzima vilevile. Maryanne akaamini kwamba ameachwa, na kwamba anastahili.

Aliigeukia kampuni. Aliwapigia, akawaandikia, akapiga tena. Walimwambia tangazo linafanya vizuri, asubiri kidogo, mkataba wake uko njiani. Akawajibu kwamba mkataba hautaki, na kwamba wasipoiondoa picha atakwenda kwa wakili. Waliiondoa. Kazi ikaondoka nayo.

Sylvia alimkuta jikoni akitazama sufuria isiyokuwa na kitu. "Umeacha bima, umekosa hiyo nyingine, na yule Mkongo amekutoroka. Rudi bima, Maryanne. Uombe msamaha, urudi."

"Siwezi."

"Unaweza. Hutaki."

"Basi sitaki," alisema, na hakuwa hata na nguvu ya kulia.

Alikwenda Kakuma bila kumwambia mtu. Hakuanza kwa Gervais. Alimtafuta mama aliyekuwa akilea wasichana wa timu, akaomba amwone Adhel, akaambiwa asubiri nje. Alisubiri hadi shingo ikaungua. Hatimaye Adhel alitoka, amejifunga shuka kichwani, akasimama mbali kidogo.

"Picha imeondolewa," Maryanne alisema. "Najua haitoshi. Nilikosa kukuuliza. Nisamehe."

Adhel alikaza shuka kichwani. "Watu wa kambi wananihamisha. Shule ya bweni, mbali. Hawatasema ni wapi."

"Kuna uwanja huko?"

"Wanasema uko." Akainama, akachora udongo kwa kidole cha mguu. "Sijakusamehe bado. Lakini usimwambie kocha aache kuwafundisha wengine na ile kompyuta. Mimi ilinisaidia." Akarudi ndani.

Maryanne alimkuta Gervais kiwanjani, ameketi peke yake kwenye kivuli chembamba cha nguzo. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa limekunjamana kana kwamba amelilalia.

"Nilifikiri umenitupa," Maryanne alisema.

"Mimi?" Akainua macho. "Wale wajomba walipata namba yangu. Walinipigia mpaka nikatupa laini. Namba yako ilikuwa ndani ya ile laini, sikuiweka kichwani. Niliomba kibali cha kuja Lodwar, wakakataa. Nikaomba tena, wakakataa." Akapangusa uso. "Nilikukasirikia, ndiyo. Siku mbili. Kisha nikabaki kukutafuta tu."

Maryanne aliketi kando yake, bega likigusa bega. Alimweleza habari za kampuni, na kwamba sasa ligi ya shule za huku inataka mtu wa kurekodi michezo na kuwafundisha makocha kuitumia. Mshahara mdogo. Alikuwa ameifanya programu ionyeshe vivuli tu, hakuna uso wala jina, na mchezaji asiyetaka anaondolewa.

"Utakaa wapi?"

"Hapa Kakuma. Nitapanga chumba mjini."

Gervais alimgeukia. "Nataka kukuoa," alisema. "Nimetaka tangu siku ile ya kwanza. Lakini watu watasema nimekuoa nipate kitambulisho cha Kenya. Dada yako atasema hivyo wa kwanza."

"Watasema."

"Na mimi sina nyumba, Maryanne. Sijui mwaka ujao nitaambiwa nikae wapi. Nimechoka kumwahidi mtu."

"Sikuombi ahadi. Nakuuliza kama unanitaka hivi nilivyo, sina kazi kubwa, na nimeharibu mambo."

"Nakutaka," alisema Gervais. Akaushika mkono wake, akauweka juu ya goti lake, wala hakuuachia.

Maryanne alimpigia Sylvia palepale, simu ikiwa kwenye spika. Alimweleza yote bila kupamba.

"Huyo mtu yuko hapo ananisikia?" Sylvia aliuliza.

"Nakusikia, dada," Gervais alisema.

"Mambo ya kitambulisho, nimeyafikiria, nisikudanganye. Tutayaongea uso kwa uso. Uje hapa kwangu na wazee wako."

"Dada, wamenikatalia kibali mara mbili."

Sylvia alivuta pumzi ndefu. Walimsikia akisogeza kiti, akifungua kabati.

"Basi kaeni hapo hapo," alisema. "Nitakuja mimi. Jumapili, baada ya ibada. Na mtafute mahali pa kivuli, mimi sitaongea mahari kwa jua."