Gari Lililorudi Limeoshwa

Mtaani kwetu Mshangano, ndugu zangu, tulijaliwa gari moja, Noah ya Hironimus, na hakuwahi kumnyima mtu. Tulipelekea maharusi, tukabebea mahindi kutoka Namtumbo. Adabu yetu ilikuwa kulirudisha limeoshwa linang'aa, na papai moja kwenye kiti cha mbele. Hironimus alifurahi kwelikweli.

Jumapili moja baada ya misa, mama yake, Bibi Lidwina, alianguka uani, mdomo umekwenda upande. Hironimus na mkewe Kunegunda walimpakia wakaondoka mbio. Hawakufika mbali. Mlimani gari lilitoa moshi mweupe, likazima. Hironimus alisimama juani akipungia kila chombo kilichopita, na ndani Kunegunda amempakata mama kichwa. Lori moja liliwafikisha hospitali, lakini kwa kuchelewa kule mama alipooza upande mmoja na kupoteza kauli.

Kesho yake gari lilivutwa gereji. Fundi Jumanne alichomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Akajaza maji kwenye rejeta, akaliwasha kwa taabu, maji yakatokota mapovu.

"Gasketi ya silinda hedi imeungua," alisema. "Maji yameingia kwenye oili. Na hii haikuanza jana, kaka. Imechemsha mara nyingi, watu wanaongeza maji tu wanaendelea."

Saimon, jirani aliyekuja kumpa pole, aliinamisha kichwa. Alikiri kwamba lilimchemkia njia ya Namtumbo, akasubiri lipoe, akaongeza maji. Wengine pia liliwachemkia, na wenyewe kwa wenyewe walishaambiana.

"Umenipa gari bure, baba," alisema. "Nikurudishie na lawama? Niliona aibu."

Hironimus alitaka kufoka, akajizuia. Hata yeye kila asubuhi alikuta maji yamepungua, akajaza, akanyamaza. Aliogopa akiuliza ataitwa mchoyo.

Gari limepona. Bibi Lidwina hukaa kibarazani, mkono mmoja umelala mapajani. Jioni Saimon huja kumwamkia shikamoo, akasimama pale kusubiri marahaba ambayo haitoki.

FUNZO

Ukiazima kitu cha mtu, kirudishe pamoja na habari zake, hata zikikuaibisha. Nawe mwenye kitu, ukiona dalili, uliza. Sisi tuliosha bodi tukaacha injini iungue, na aliyeumia hakuwahi hata kuliazima.