Simu Iliyokufa Kabatini

Asubuhi za vuli hapa kwetu Moldova, ukungu hushuka mpaka kwenye uzio. Mabata bukini huingia ndani yake na kupotea, usikie mlio tu. Ndani, jiko la kuni linawaka. Mimi na binti yangu Ilinca tunakula ugali wa mahindi na jibini ya kondoo. Ana miaka kumi na mmoja. Mama yake, Lilia, yuko Italia. Anamtunza bibi mmoja mzee. Anamlisha, anamwogesha.

Kila siku saa nne asubuhi, kwa saa za huku kwetu, bibi huyo husinzia. Hapo ndipo Lilia alipokuwa akipiga simu. Saa nne pia ni mapumziko ya shule. Ilinca alikuwa akienda peke yake nyuma ya banda la kuni la shule, na mama yake akitokea kwenye kioo cha simu, mdogo kama picha ya kitambulisho.

Kisha shule ikaweka sheria mpya. Kila simu inaingia kabatini asubuhi, inatoka saa ya kwenda nyumbani. Barua ililetwa. Nilitia sahihi bila kuisoma. Niliacha shule darasa la saba, na barua ndefu hunichosha.

"Baba, sasa mama atanipata vipi?" Ilinca akauliza.

Nilifungua droo. Nikatoa simu yangu ya zamani, iliyokufa siku ilipotumbukia kwenye pipa la divai.

"Mpe mwalimu maiti hii. Ile nzima ifiche kwenye soksi."

"Baba wewe!"

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Nilijiona mjanja. Nilikuwa mjinga.

Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Siku moja Ilinca alirudi kimya, akalala akiuelekea ukuta. Kesho yake hakwenda shule. Wala keshokutwa. Uji nilioweka kando yake ulipoa.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna aliyenipiga, baba."

Siku ya nne ndipo aliposema. Siku ile aliyorudi kimya, mama yake alikuwa amemwimbia kwenye simu, naye akalia. Mvulana wa darasa lake, Nelu, alikuwa kwenye ukungu upande wa pili wa banda. Naye alikuwa na simu ya kuficha. Akamrekodi akilia, akaongeza sauti ya mbuzi, akawatumia darasa zima. Sasa kila Ilinca alipopita, walimlilia "mee, mee".

"Sirudi tena pale," alisema. "Hata ukinifunga kamba."

Niliondoka kwenda shuleni kumvuta Nelu masikio. Ukungu ulikuwa mzito, niliiona miguu yangu tu. Mlangoni nikakutana na Profira, muuguzi wa shule, jirani yetu pia.

"Toader, unakwenda wapi na uso huo?"

"Niachie, dada. Natafuta masikio ya mtu."

"Ingia kwanza."

Chumba chake kilinukia tufaha. Nilimweleza yote. Alisikiliza akimenya tufaha, ganda likishuka taratibu.

"Na ile simu iliyokufa," akasema, "nani aliiweka kabatini?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Sheria hii haikuwekwa kumwadhibu mtoto," akasema. "Simu zote zikiwa kabatini, hakuna anayeweza kumrekodi mwenzake akilia. Wewe ulitoboa tundu upite mwanao. Na Nelu akapita humo humo."

"Lakini ni mama yake, dada!"

"Ndiyo, na lazima waongee. Ila niambie, rafiki yake Ilinca ni nani?"

Nilifikiri. Sikupata jina.

"Mapumziko ni dakika ishirini. Hapo ndipo mtoto anapopata rafiki. Wako yuko nyuma ya kuni."

"Basi hiyo video nifanye nini?"

"Usimtumie mtu, hata kwa hasira. Usijibizane nao. Tunza nakala moja, umwonyeshe mwalimu mkuu, yeye atasimamia ifutwe. Na masikio ya Nelu yaache. Baba yake yuko Poland mwaka wa pili. Huyo naye hana wa kumwuliza kitu."

Jioni ile nilimweleza Lilia. Akawaka.

"Baba Ilinca, mbona hamkuniuliza? Bibi hulala tena baada ya chakula cha mchana! Saa tisa ya huko naweza kupiga, mtoto akiwa nyumbani!"

Hatukuwahi kumwuliza.

Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama.

"Mimi ndiye niliyemfundisha mwanangu kudanganya," nilisema.

Kisha bibi yake Nelu akainuka nyuma kabisa. "Na mimi," akasema. "Ile simu yetu ya kabatini haina hata betri."

Tulikubaliana. Simu zote kabatini, za walimu pia saa za vipindi. Mzazi mwenye jambo la haraka anapiga kwa Profira, naye anamwita mtoto. Anayemrekodi mwenzake anafuta mbele ya mwalimu na wazazi, na anaomba radhi ana kwa ana.

Nilimrudisha Ilinca shuleni mimi mwenyewe. Mbele ya darasa Nelu aliifuta video, akaomba radhi akiangalia sakafu. Ilinca alimtazama muda mrefu.

"Hata mbuzi wako ni wa uongo," akamwambia. "Mbuzi hasemi hivyo."

"Anasemaje?"

Akamwonyesha. Darasa likacheka, naye akacheka nao.

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza alisimama peke yake uwanjani. Wiki ya pili wasichana wawili wakamwita kushika kamba ya kuruka. Nyumbani akaanza kula tena.

Desemba theluji ilianguka siku mbili bila sauti. Saa tisa simu ikalia, nami nikapokea.

"Yuko wapi?" Lilia akauliza.

"Mlimani, na wenzake. Wanateleza kwenye theluji. Nimwite?"

Nilisikia saa ya ukutani ya yule bibi, kule Italia.

"Usimwite. Nionyeshe tu."

Nilitoka mpaka langoni, nikainua simu juu ya kichwa. Mlima wote ulikuwa mweupe, na watoto walishuka juu yake kama wanaelea, wakianguka, wakiinuka, wakipiga kelele.

"Wangu yupi?"

"Sijui, mama Ilinca. Wote wamejaa theluji."

Akacheka. Nikaishika simu hivyo hivyo, juu, mpaka mkono ukafa ganzi.