Sauti ya Tisa Gatini

Asubuhi ile ya Jumatatu Serahangi Dolah, msimamizi wa mabaharia, alisoma majina manane gatini, na sauti tisa zikaitika.

Ya tisa ilikuja mwisho, bila jina, bila kuitwa. "Nipo." Sauti ya mwanamume, ya chini, yenye pumzi fupi kama ya mtu aliyekimbia akihofia kuachwa. Mabaharia wanane wa mashua ya rubani, ya kuongoza meli bandarini, walikuwa wamesimama mstari mmoja chini ya mlingoti wa bendera, na hakuna aliyegeuza shingo.

"Nani analeta mchezo?" Kapteni Penhale aliuliza.

Hata Sarip, mdogo wake Dolah, mtu asiyekosa la kusema, alikuwa akivitazama vidole vya miguu yake.

"Mwangwi, Kapteni," alisema Dolah.

"Mwangwi haungoji zamu yake, Serahangi."

"Naam, Kapteni. Haungoji."

Penhale akaingia ofisini na kufungua daftari la kujaa na kupwa kwa maji. Yalikuwa machache yanayoweza kumshtua. Alipandishwa merikebu ya kivita akiwa na miaka kumi na mitatu, akapigana katika mito ya Uchina, akapima miamba ya bahari za kusini miaka kumi na mmoja, cheo kikapanda pamoja na mvi. Mwisho akapewa bandari ya Merrin, kule kaskazini kabisa mwa Australia, ambako wazamiaji wa lulu ni wengi kuliko miti. Pale Merrin yeye ndiye alikuwa mkuu wa bandari, yeye hakimu, yeye bwana posta, yeye mfungishaji ndoa na msomaji wa sala makaburini. Mkewe alipofariki kwa homa, barua ilimfikia baharini miezi saba baadaye. Aliisoma, akaikunja, akaenda kukagua mizinga. Watu walimsifu kwa ushupavu. Mwenyewe alijua kwamba haukuwa ushupavu bali ganzi. Ilimwingia siku moja, miaka ishirini nyuma, na tangu hapo haikumtoka.

Na sasa huyu mtu wa jeshi la majini, majini walikuwa wamemfuata nchi kavu.

Jumatano, mahakamani, karani aliita jina la shahidi ambaye hakuwa amefika. "Nipo," ikajibu sauti kutoka kizimbani, na kizimba kilikuwa kitupu. Mbao zikalia kama zinavyolia mtu anapoziegemea kwa viwiko. Ikaja harufu: mafuta ya nazi yaliyotiwa manjano, yale wanayojipaka watu wa visiwa vya bahari za kusini siku za sherehe, na chini yake mwani uliooza juani. Wasikilizaji wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakijifanya wana kazi mahali. Penhale aliijua ile harufu. Akaahirisha kesi, akatia sahihi, akakausha wino.

Alhamisi, chakula cha mchana, binti yake Hester alikuwa ameandaa sahani tatu.

"Baba, mgeni wako haji mezani?"

"Mgeni gani?"

"Si huyo uliyekuja naye. Nimebishiwa hodi, nikauliza nani yupo, mtu akasema, nipo. Nikasikia na kiti kinavutwa." Sauti ikamshuka. Akanyoosha mkono kukigusa kiti cha tatu, akaurudisha haraka. Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa, na maji yalikuwa yakidondoka kwenye zulia, tone, tone, katika joto lile la saa saba ambalo hata mbwa walikuwa hawabweki.

"Baba," alinong'ona, "mbona wewe huogopi?"

Penhale alijitafuta moyoni, kwa dhati kabisa, kama mtu anayepapasa rafu gizani. Hakukuta kitu.

"Kula, mwanangu. Nyama inapoa."

Jioni hiyo Dolah alimfuata barazani, kofia mkononi.

"Kapteni, niwie radhi. Babu yangu kule Malaka alikuwa mganga, mimi sikurithi ila maneno mawili matatu. Huyu si jini wa porini. Ni mtu aliyekufa jina lake likiwa limeitikiwa na mwingine. Mtu wa namna hiyo hana pa kukaa, kwa hiyo hukaa katika majina ya wenzake. Leo anaitikia mwisho. Kesho ataitikia katikati. Kapteni unamjua?"

"Kalale, Serahangi."

"Unamjua," alisema Dolah taratibu, na akaondoka bila kuaga.

Jumamosi mashua ilikwenda kutengeneza alama ya kuonya meli kwenye mwamba wa nje, mwendo wa saa moja kwa makasia. Kabla ya adhuhuri upepo wa kusi ukageuka ghafla, mvua ikaja imelala ubavu, na Penhale akasimama gatini kuwangoja. Walirudi wakiwa hoi, mashua nusu imejaa maji. Walipopanda ngazi, aliwahesabu kwa macho, kwa mazoea tu. Saba.

"Sarip yuko wapi?"

Dolah akageuka. Akatazama mashua. Akatazama wenzake, uso kwa uso, kisha akaanza tena kutoka mwanzo.

"Nimewaita kule kule, Kapteni! Mvua ilikuwa haionyeshi kitu, nikasoma majina yote kabla ya kung'oa nanga. Sarip ameitika! Haki ya Mungu ameitika, nimemsikia kwa masikio haya!"

"Sote tumemsikia," mmoja akasema, akalia.

Maji yalikuwa yanajaa. Penhale alilijua daftari lake kwa moyo: ule mwamba ungefunikwa kabla ya saa mbili kupita. Na pale, mvua ikimpiga usoni, aliiona tena ile siku aliyoikunja kama barua. Alikuwa luteni, nahodha wa merikebu ndogo ya kupima bahari. Mausio, mpiga makasia kutoka kisiwa cha Rotuma, alikuwa ameogelea kwenda kusimika bendera mwambani. Dhoruba ikaja, nanga ikaanza kuburura. Majina yakasomwa haraka haraka, na lilipofika la Mausio pakawa kimya, na yeye Penhale ndiye aliyesema, "Yupo. Endelea." Wakatweka tanga. Baadaye akatazama nyuma kwa darubini, akamwona mtu amesimama, maji magotini, mkono juu. Hakupunga. Aliuinua tu, kama mtu anayeitika. Penhale aliandika kwamba amekufa kwa homa, na kwa kuiokoa merikebu akapandishwa cheo.

"Rudini mashuani," alisema.

"Kapteni, bahari hiyo..."

"Mimi nashika usukani. Asiyetaka abaki."

Hakubaki mtu. Walivuta makasia wakiwa hawana hata pumzi ya kuapa, mawimbi yakiwapanda begani, na Penhale na umri wake wa miaka hamsini na tisa ameukumbatia mkono wa usukani kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe, hadi walipoukaribia mwamba, ambao sasa haukuwa mwamba tena bali povu jeupe linalochemka ndani ya ukungu wa mvua, na hapakuonekana mtu, wala alama, wala mpaka wa maji na mbingu.

"Sarip!" Dolah akapaza sauti.

"Nipo!" kutoka kushoto.

"Nipo!" kutoka kulia. Sauti ile ile. Za Sarip zote mbili.

Wapiga makasia wakaganda. Kushoto kulikuwa na mwamba, kulia kulikuwa na mwamba. Wakikosea upande wangeipasua mashua.

"Sarip, mdogo wangu! Sema jina la mama!"

"Salmah!" kushoto. "Salmah!" kulia, na harufu ya manjano na mwani ikaja juu ya upepo, ikaja *dhidi* ya upepo, ikawafunika wote kama shuka iliyoloweshwa, na chini ya mashua kitu kikaanza kugonga mbao, polepole, mara nane, kikanyamaza, kikagonga mara moja zaidi.

Dolah akamshika Penhale mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kapteni, hanijui mimi. Anakujua wewe. Mwite kwa jina lake, naomba, mwite, ndugu yangu anakufa!"

Penhale akavua kofia. Miaka ishirini hakuwa amelitamka lile jina hata usingizini.

"Mausio," alisema. Kisha kwa nguvu: "Mausio wa Rotuma! Nilikuona. Nilikuona kwa darubini, nikasema upo, na hukuwepo. Niliwaambia umekufa kwa homa. Hukufa kwa homa. Nilikuacha." Akasogea, akaacha nafasi kando yake. "Njoo upande. Nafasi ipo."

Mashua ikainama upande wa kulia, kwa uzito, kama inavyoinama mtu anapoushika ukingo wake na kujivuta ndani. Ikayumba. Ikatulia. Ubao mtupu wa kukalia kando ya Penhale ukabonyea, ukaanza kuchuruzika maji.

Hapo ikasikika sauti moja tu, kutoka kushoto, iliyokauka, ikitukana Kimalai kwa hasira ya mtu aliye hai.

Wakamtoa Sarip maji yakiwa kifuani. Hadi gatini hakuna aliyethubutu kuutazama ule ubao. Sarip peke yake, meno yakigongana, aliuliza, "Mbona mmenibana huku? Si pale pana nafasi?"

"Hapana nafasi," kaka yake akamjibu. "Nyamaza."

Waliposhuka, Dolah alimvuta Penhale kando. "Amepanda, Kapteni. Sasa hana neno na sisi. Lakini aliyempakia lazima amshushe, na amshushe kwao. Ukichelewa atakaa ubavuni mwako mpaka kaburini."

Penhale aliandika barua mbili siku ile. Moja ilieleza kwa wakubwa wake jinsi Mausio alivyokufa. Ya pili ilikuwa ya kujiuzulu vyeo vyote. Hester alizisoma, akalia kwa niaba ya wote wawili, akamfungia sanduku.

Safari ya Rotuma ilichukua majuma matano katika merikebu ya biashara. Mabaharia walishangaa kwa nini mzee yule alilipia vitanda viwili, na kwa nini cha pili kilikuwa hakikauki. Ubavu wake wa kulia ulikufa ganzi kwa baridi siku ya kwanza. Kufika siku ya mwisho hakuweza kuvifunga vifungo kwa mkono ule. Hilo nalo hakulihisi kuwa jambo.

Mama yake Mausio alikuwa hai bado, kikongwe, macho yameingia weupe, ameketi kizingitini anasuka mkeka. Mjukuu wake, mwanamke mtu mzima aliyejua lugha ya mabaharia, alitafsiri. Penhale alisema yote akiwa amesimama, juani, bila kupunguza. Kikongwe hakukatiza. Penhale alipomaliza, kikongwe alisema neno kwa mjukuu wake, na yule mwanamke akasita.

"Anasemaje?"

"Anauliza, mbona mmekuja wawili na umesalimu wewe tu."

Kikongwe alikuwa ameshaweka mkeka chini. Akainuka kwa kujishikilia mwimo wa mlango, akampita Penhale kama nguzo, na mikono yake miwili ikaenda hewani, kulia kwa Penhale, ikapanda, ikakuta kitu. Vidole vikatembea polepole: paji la uso, mashavu, kidevu. Akavuta nywele zisizoonekana nyuma ya sikio. Kisha akageuka, mkono umeshika mkono, akaingia ndani kwa hatua fupi za mtu anayemwongoza mgonjwa.

"Anasema ufunge mlango," mwanamke akasema. "Anasema mwanawe ana baridi."

Penhale alifunga mlango kwa mkono wake wa kulia. Damu ilikuwa inarudi humo, na ilichoma, ilichoma vibaya sana, akauma meno.

Ndani alimoingia kikongwe peke yake, sauti mbili zilikuwa zimeanza kuzungumza. Moja ilicheka. Hakuelewa hata neno moja. Alibaki amesimama pale nje, paji la uso kwenye ubao wa mlango, jua likimwakia mgongoni, na hakuna aliyetoka kumwambia aende.