Dakika Kumi na Tisa za Kijazio

Katika ofisi ya upelelezi mjini Dodoma, mwaka 2091, ukuta mzima ulionyesha chumba cha kulala cha Mhandisi Atupele Mwaisumo. Nyamizi, mfanyakazi wake wa nyumbani, aliingia, akafungua droo, akatoa mkufu wa dhahabu, akauficha kwenye khanga, akatoka. Kila mkunjo wa khanga ulionekana. Hata kivuli chake kilimfuata sawasawa sakafuni.

Lakini hakuna kamera iliyoipiga picha hiyo. Asubuhi ile, diski ya nje inayotunza nakala za kamera za ulinzi ilikatika kwa dakika kumi na tisa. Pengo lilijazwa na Kijazio, akili mnemba aliyoibuni Atupele mwenyewe. Kijazio kilisoma yaliyotokea kabla ya pengo na baada yake, kikapima mazoea ya kila aliyeishi nyumbani, kisha kikachora jambo lililoelekea zaidi kutokea.

"Mhandisi, tuiamini picha hii?" mpelelezi aliuliza.

"Kijazio hukosea mara moja katika mara elfu," Atupele alijibu.

Nyamizi, aliyemlea Subira, binti wa Atupele, tangu ananyonya, aligeuka kutoka ukutani akamtazama. "Mama Subira, mimi?"

Alifungwa mwaka mmoja.

Miezi saba baadaye, diski ilikuwa bado inasumbua. Ilikatika kila Jumatano, Atupele akiwa kazini, kisha ikarudi yenyewe. Mumewe Ezra, ambaye kazi zake alizifanyia nyumbani, alisema, "Vitu vya siku hizi hivyo. Nunua nyingine." Atupele akanunua nyingine. Jumatano iliyofuata nayo ikakatika.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akaketi sakafuni mbele ya kabati la mitambo. Alibadilisha waya. Alipima umeme, ukawa sawa. Aliihamishia diski kwenye tundu jingine, akaijaza picha za majaribio hadi pomoni, akazifuta, akaijaza tena. Haikukatika hata mara moja. Diski ilikuwa nzima.

Kilichobaki ni kumbukumbu za mlango wa kabati lenyewe. Mlango ule ulifunguka kwa dole gumba la mmoja wa wenye nyumba tu, na kila ulipofunguka uliandika dole ni la nani na kilichofanyika ndani. Polisi waliikagua diski. Mlango hakuna aliyeuuliza, hata yeye. Sasa akasoma. Jumatano baada ya Jumatano: mlango umefunguliwa, diski imechomolewa, diski imechomekwa. Dole lilikuwa la Ezra. Akarudi nyuma hadi siku ya mkufu. Ezra.

Alifungua picha ambazo Kijazio kilijazia Jumatano zote. Katika kila moja Ezra alikuwa kwenye kochi, peke yake, anasoma; mara anainuka kumwagilia maua ya dirishani. Mume mwema. Kijazio hakikumwona. Kilimchora kama alivyozoeleka. Na Nyamizi? Saa ile, kila siku, alikuwa akiingia chumbani kutandika kitanda. Mkufu ulikuwepo kabla ya pengo, baada yake haukuwepo. Kijazio kikaunganisha.

Ezra alitoka chumba chake cha kazi kutafuta chai.

"Ni nani huyo wa Jumatano?" Atupele aliuliza.

Ezra alitazama waya zilizotapakaa sakafuni, akaelewa. Alivuta kiti, akakaa. "Anaitwa Regina. Mkufu nilimpa yeye."

"Mkufu wa marehemu mama yangu. Ukakaa kimya, Nyamizi akafungwa?"

"Nilidhani utasema umepotea, basi. Mimi sikumtaja Nyamizi, Atu. Mashine yako ndiyo iliyomtaja. Na wewe ukaiapia."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na Atupele alilijua.

Siku hiyohiyo alipeleka kumbukumbu za mlango kwa mpelelezi, akaandika maelezo kwa mkono wake: Kijazio hakikuona chochote, nami nilijua hakioni. Kampuni yake ilimsihi asubiri wanasheria. Hakusubiri. Baada ya siku kumi na moja hakimu aliifuta hukumu, na Atupele akaipeleka karatasi mwenyewe gereza la wanawake.

Nyamizi alikuwa amekonda. Alionyeshwa kiti, hakukaa.

"Dada Nyamizi, nisamehe. Nilidanganywa."

"Na nani?"

"Na Ezra. Na mashine."

"Mashine haijawahi kula chakula changu, Mama Subira. Haikunijua. Wewe ulinijua."

Atupele akasema gari lipo nje, Subira anamngoja nyumbani, chumba cha Nyamizi hakijaguswa. Nyamizi alimsikiliza mpaka akamaliza. Akachukua karatasi, akaisoma polepole hadi mstari wa mwisho, akaikunja, akamgeukia askari wa mlangoni.

"Samahani, afande. Kituo cha treni ya kwenda kwetu Tabora ni njia gani?"

Askari akamwelekeza. Nyamizi akamshukuru, akaenda.